Nyota Begani Zinatoka Wapi?

Mazungumzo ya redio juu ya historia ya maofisa wa jeshi katika Kongo, kwa jamaa waliohamishwa na vita na viongozi wa Shasha, Masisi na Walikale

Tunawasalimu ninyi mlio Shasha na kando ya barabara ya Sake kwenda Minova, ninyi wa milima ya Masisi, ninyi wa msitu wa Walikale. Tunawasalimu zaidi ninyi mliofukuzwa na vita, mnaolala chini ya hema au katika nyumba ya jamaa aliyewapokea. Wami wetu, machefu wa grupema na wa lokalite, wazee wa barza, wachungaji, mapadri, maimamu, na wamama viongozi wa vikundi, karibuni.

Leo tutazungumza juu ya mtu ambaye sisi sote tumekutana naye: ofisa wa jeshi. Ukisimamishwa kwenye bariyeri, unaona kwanza kijana mwenye bunduki. Nyuma yake kuna mkubwa, komanda. Begani ana nyota, au hana nyota lakini watu wanamwita koloneli. Neno lake moja linaweza kukupitisha na mzigo wako wa muhogo, na neno lake moja linaweza kukupoteza. Lakini nyota zile alizipata wapi?

Tutatumia maswali matatu. La kwanza: nani alimchagua mtu huyu aingie jeshini? La pili: alifundishwa wapi, na alifundishwa nini? La tatu: nani alimpa cheo, na aliapa kumtumikia nani? Tukipita na maswali hayo katika historia yetu, tutaelewa kwa sehemu kubwa kwa nini raia wa Kivu amehama mara nyingi namna hii.

Jeshi lisilo na ofisa mweusi

Jeshi la kwanza la nchi hii liliitwa Force Publique. Lilianzishwa mwaka 1885 wakati wa mfalme Léopold II wa Ubelgiji. Maofisa walikuwa wazungu: Wabelgiji wengi, pamoja na Waitalia na watu wa nchi za kaskazini ya Ulaya. Askari wa mwanzo waliajiriwa mbali, Unguja na Afrika ya Magharibi. Baadaye, kwa amri ya mwaka 1891, ikaagizwa kila wilaya itoe idadi ya vijana kila mwaka, nao watumike miaka 7.

Vijana hao walipatikana namna gani? Kwa mkono wa chefu. Mkubwa wa kizungu alitaja idadi, na chefu akaitoa. Mara nyingi alitoa mtumwa, yatima, mgeni, au mtu aliyegombana naye. Wengine walifika kambini wamefungwa kamba. Viongozi wetu, shikeni jambo hilo: tangu siku ya kwanza, kuandikisha askari kumepita katika mikono ya mkubwa wa kijiji.

Askari waliasi Luluabourg mwaka 1895, na tena mwaka 1897 katika safari kubwa ya kaskazini-mashariki; waasi hao walizunguka miaka mingi upande wetu huu wa mashariki. Wazungu wakaamua kwamba kila kikosi kichanganywe watu wa makabila mbalimbali. Nia yao haikuwa upendo. Walitaka askari wasielewane wakaasi pamoja. Hata hivyo, desturi ya kuchanganya ikabaki, na Lingala ikawa lugha ya amri.

Jeshi hilo lilipigana kwa nguvu. Katika vita ya kwanza ya dunia lilipigana na Wadachi ziwani Kivu, likaingia Rwanda na Burundi, likafika Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Wapagazi walikufa kwa wingi njiani. Katika vita ya pili, mwaka 1941, lilikwenda mpaka Ethiopia, na huko Saio jenerali wa Italia akanyanyua mikono mbele ya jeshi lililotoka Kongo. Lakini askari mweusi aliyeshinda Tabora na Saio hakuvaa nyota hata moja. Alisimama kwenye ngazi za sajenti, na baadaye sana, uhuru ulipokaribia, wachache walifikishwa kwenye cheo cha ajida, ambacho bado ni chini ya ofisa.

Ilipofika tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, nchi ilikuwa na askari karibu 24,000. Maofisa wao walikuwa zaidi ya 1,000, wote wazungu. Vijana Wakongomani wachache walikuwa wameanza masomo ya uofisa Ubelgiji, na hakuna aliyekuwa ameyamaliza.

Vyeo vya siku chache

Tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu baada ya sherehe, jenerali Janssens, mkubwa wa jeshi, aliwakusanya askari Léopoldville. Akaandika ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawasawa na kabla ya uhuru. Maana yake: wanasiasa wamepata viti, ninyi mtabaki pale pale. Jioni ile na siku iliyofuata askari wakaasi, pale Léopoldville na katika kambi ya Thysville. Uasi ukaenea nchi nzima.

Serikali ya Patrice Lumumba ilitafuta dawa ya haraka. Kwanza iliwapandisha askari wote cheo kimoja. Halafu, tarehe 8 Julai, iliamua jeshi liongozwe na Wakongomani. Victor Lundula, aliyekuwa sajenti wa zamani na burgumesta wa Jadotville, akawa jenerali. Joseph-Désiré Mobutu, aliyeacha jeshi mwaka 1956 akiwa sajenti na kuwa mwandishi wa magazeti, akawa koloneli na mkuu wa wafanyakazi wa jeshi. Katika kambi nyingi askari wenyewe walichagua wakubwa wao. Mtu alilala ajida, akaamka majori.

Tusiwacheke watu wale. Waliminywa miaka 75, hawakupewa shule, na ghafla wakaachiwa nchi kubwa. Kosa la kuwanyima shule halikuwa lao. Lakini matokeo tuliyaona: jeshi likagawanyika, kila upande na mwanasiasa wake, na miezi miwili baadaye, tarehe 14 Septemba 1960, koloneli yule wa Julai akawasimamisha wanasiasa. Tarehe 24 Novemba 1965 akachukua nchi yote. Wakongomani wengi walijifunza siku zile somo baya, kwamba cheo hupatikana kwa fujo kwa upesi kuliko kwa masomo.

Majeshi mengi ndani ya jeshi moja

Mobutu alijua kwamba jeshi bila shule ni hatari. Katika miaka ile chuo cha maofisa kilifanya kazi Luluabourg, ambayo ndiyo Kananga ya leo. Vijana walipelekwa pia Brussels, Ufaransa, Marekani na Israel. Wengi walirudi na elimu ya kweli. Mwaka 1971 jeshi likapata jina la Majeshi ya Zaire.

Lakini raisi aliogopa maofisa wenye akili. Mwaka 1978, baada ya vita ya kwanza ya Shaba, maofisa kadhaa walishitakiwa kwamba walipanga kupindua serikali. Mwezi wa Machi watu 13 wakauawa kwa hukumu. Maofisa wengine wengi, hasa wa mikoa iliyodhaniwa kuwa na moyo wa upinzani, wakaondolewa, hata wale waliosoma vizuri nje. Tangu hapo swali la kwanza juu ya kijana lilikuwa: ni wa mkoa gani, ni wa jamaa ya nani? Vyeo vya juu vikajaa watu wa Equateur.

Vikosi navyo vikagawanyika. Divisheni Kamanyola ilifundishwa na Wakorea ya Kaskazini. Waparashuti wa brigedi ya 31 walifundishwa na Wafaransa. Divisheni ya pekee ya raisi, DSP, ilifundishwa na Waisraeli na ilipata mshahara kabla ya wote. Kila kikosi kilikuwa na mwalimu wake na bwana wake. Hakuna kilichofundishwa kwamba bwana wake ni raia.

Mshahara wa askari wa kawaida ulipita mikononi mwa wakubwa, na ulipofika chini ulikuwa umebaki vumbi. Ndipo askari wakaanza kusema kwa Lingala ule msemo mnaoujua, kwamba raia ni shamba la askari. Mwezi wa Septemba 1991 askari wa uwanja wa ndege wa Ndjili walianza kupora Kinshasa, na uporaji ukaenea miji mingi. Mwezi wa Januari 1993 wakarudia.

Wasikilizaji, tuone hapo jambo moja. Ofisa aliyechaguliwa kwa sababu ya kabila, aliyepewa cheo na mtu mmoja, na anayekula mshahara wa askari wake, hawezi kumwambia askari asipore. Atasema kwa kinywa gani?

Kila mlima na jenerali wake

Ndivyo hali ilivyokuwa vita ilipotufikia. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, Walikale, yakapanda mpaka Masisi. Maelfu walikufa, na watu karibu robo milioni wakahama. Hatutasema leo nani alianza. Kila familia inalia wafu wake, na barza imelizungumza. Tunauliza juu ya jeshi tu. Jeshi lililotakiwa kusimama katikati halikuwa na nguvu ya kusimama katikati. Kwa hiyo vijana wa kila upande walichukua mikuki, mapanga, na baadaye bunduki, wakachagua wakubwa wao wenyewe. Mkubwa wa vijana wa kilima akawa komanda. Hakuwa na shule wala kiapo mbele ya nchi. Alikuwa na woga wa watu wake, na ahadi ya kuwalinda.

Mwaka 1994 ukaja wimbi la wakimbizi wa Rwanda, na kati yao jeshi lililoshindwa, pamoja na maofisa wake na silaha. Mwezi wa Oktoba 1996 vita ya AFDL ikaanza. Vijana wengi wa Kivu, na watoto tunaowaita kadogo, waliandikishwa. Wengine walichukuliwa njiani wakitoka shuleni. Walipata majuma machache ya mafunzo wakatembea mpaka Kinshasa. Mwezi wa Mei 1997 wakaingia mjini, na kwa muda ofisa wa Rwanda, James Kabarebe, akawa mkuu wa wafanyakazi wa jeshi la Kongo. Maofisa wa zamani wa Mobutu walipelekwa kambi ya Kitona wafundishwe upya. Wengi waliugua na kufa huko. Vita mpya ilipolipuka mwezi wa Agosti 1998, sehemu ya waliobaki Kitona waliingia upande wa waasi.

Kutoka hapo mpaka mwaka 2003 nchi ilikuwa na majeshi mengi: la Kinshasa, la RCD hapa Goma, la MLC kule kaskazini, na vikundi vya Mai-Mai kila bonde. Kila moja lilikuwa na makoloneli na majenerali. Wengine walisoma kweli. Wengine walijipa vyeo vyenyewe.

Bei ya cheo

Mapatano ya Pretoria ya tarehe 17 Desemba 2002 yalisema majeshi yote yawe moja. Jeshi hilo ndilo FARDC. Askari wa pande zote walipelekwa kambi za kuchanganywa, kwa Kifaransa brassage, kama Kitona, Kamina na Kisangani, wakakaa siku kadhaa wakifundishwa pamoja. Nia ilikuwa njema, kwa sababu watu waliopigana jana walikula sahani moja.

Ila tatizo lilikuwa kwenye vyeo. Kila kikundi kilileta orodha yake, na kila mkubwa wa kikundi alitaka orodha iwe ndefu na vyeo viwe vikubwa. Aliyekuwa na watu 100 alisema ana 1,000. Jeshi likajaa maofisa kupita kiasi, wengine hawakuweza kusoma karata ya vita wala ripoti. Hapa Kivu ya Kaskazini, mwanzoni mwa mwaka 2007, kulijaribiwa mixage: vikosi vya Laurent Nkunda vilichanganywa na vya serikali bila kuondoka mkoani. Kabla mwaka haujaisha, vita imerudi. Tarehe 23 Machi 2009 mapatano mapya yakaingiza CNDP na vikundi vingine jeshini kwa haraka. Mwezi wa Aprili 2012 sehemu ya maofisa hao wakaasi, wakajiita M23 kwa kukumbuka tarehe ile ile. Wakaingia Goma tarehe 20 Novemba 2012, wakashindwa mwaka 2013, wakarudi mwishoni mwa mwaka 2021, na mwezi wa Januari 2025 wakaingia Goma tena. Ninyi mliokuwa barabara ya Sake na Shasha hamhitaji kusimuliwa.

Tuseme jambo linalouma. Kwa miaka zaidi ya 20, kijana wa Kivu ameona kwamba njia ya mkato ya kuwa koloneli ni kukusanya watu msituni, kuchoma vijiji mpaka ujulikane, na kungoja mapatano. Mwenzake aliyekaa darasani Kananga anapewa nyota moja ya luteni mdogo. Yeye wa msituni anakuja kuongea bei kuanzia koloneli. Na bei hiyo analipa nani? Analipa mama mwenye shamba Masisi, na mchimba madini wa Walikale.

Mifano mitatu

Tutoe mifano mitatu, kutoka pande tatu, ili mtu asiseme kwamba ubaya ni wa upande mmoja.

Mfano wa kwanza ni Bosco Ntaganda. Alipigana katika vikundi vya waasi Ituri, akapewa ujenerali. Mwaka 2006 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilitoa hati ya kumkamata. Pamoja na hati hiyo, mwaka 2009 aliingia FARDC na kuwa mmoja wa wakubwa wa vita hapa Kivu. Nyota zilimlinda mpaka mwaka 2013. Mwaka 2019 mahakama ile ilimhukumu miaka 30 ya kifungo kwa makosa ya Ituri.

Mfano wa pili ni Ntabo Ntaberi Sheka, wa Walikale. Alikuwa mfanyabiashara wa madini. Hakupita chuo chochote cha maofisa, lakini kikundi chake kilimwita jenerali. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, Luvungi na vijiji vya jirani viliingiliwa, na watu zaidi ya 300 walifanyiwa ukatili wa aibu. Alijitoa mwaka 2017. Mwezi wa Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu kifungo cha maisha.

Mfano wa tatu ni wa jeshi la serikali lenyewe, na uko karibu sana na Shasha. Novemba 2012, Goma ilipoanguka, askari wa FARDC walirudi nyuma kupitia Sake mpaka Minova. Walipora, na Umoja wa Mataifa uliandika angalau wamama 102 na wasichana 33 waliobakwa na askari. Kati ya vikosi vilivyotajwa kulikuwa batayo ya 391, iliyofundishwa na Wamarekani Kisangani mwaka 2010. Kesi ilifanyika Goma, waathirika zaidi ya 1,000 wakaandikwa. Tarehe 5 Mei 2014 hukumu ilisomwa. Kati ya washitakiwa 39, wawili tu ndio walioonekana na kosa la kubaka. Wakubwa wa juu hawakushitakiwa.

Mfano huo wa tatu unatufundisha kwamba shule peke yake haitoshi. Batayo ile ilifundishwa. Lakini siku amri ilipovunjika, maofisa wengi hawakuwazuia askari wao, na baadaye hawakuulizwa vya kutosha. Ofisa anapewa nyota ili ajibu kwa ajili ya matendo ya watu wake. Ikiwa hajibu, nyota ile ni pambo tu.

Jirani yetu Tanzania

Je, jeshi lililoharibika laweza kutengenezwa? Tutazame jirani. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Madai yao yalifanana na yale ya Thysville: mshahara, na maofisa wazungu waondoke. Raisi Julius Nyerere alilazimika kuomba Waingereza waje kuuzima uasi, jambo lililomtia aibu. Baada ya hapo hakuwapandisha waasi cheo. Alilivunja jeshi lote.

Jeshi jipya lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964. Vijana waliandikishwa kutoka mikoa yote, wengi kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, ambako walilima na kujenga pamoja. Mkuu wake wa kwanza, Mirisho Sarakikya, alikuwa kijana, lakini alikuwa amepita chuo cha maofisa cha Sandhurst, Uingereza. Baadaye nchi ikajenga chuo chake Monduli. Jeshi lile lilikuwa na kasoro zake: miaka mingi lilifungwa na chama kimoja, mpaka vyama vingi vilipokuja mwaka 1992. Lakini mpaka leo hakuna ofisa wa Tanzania aliyetwaa nchi kwa bunduki.

Uganda ilipita njia nyingine. Idi Amin aliingia jeshi la Waingereza bila masomo mengi, akapanda kwa nguvu ya mwili na ya vita. Mwaka 1959 alipewa cheo cha afande, na mwaka 1961 akawa mmoja wa maofisa wawili wa kwanza weusi wa Uganda. Miaka 10 baadaye alipindua serikali. Historia ya Uganda kutoka hapo mnaijua.

Sheria yetu inasema nini

Ndugu zangu, sheria nzuri tunayo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 188, inasema jeshi ni la taifa zima, halina chama, liko chini ya mamlaka ya raia, na mtu yeyote asiligeuze kuwa lake. Kifungu cha 189 kinasema kuandikisha askari na kutoa ukamanda kufuate mambo manne: afya ya mwili, elimu ya kutosha, mwenendo mwema uliojaribiwa, na mikoa yote iwemo kwa haki. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake au kuwapa vijana silaha, na kinaliita kosa hilo uhaini mkubwa.

Kwa hiyo njia ya uofisa iko wazi. Kijana ni Mkongomani, amefikisha miaka 18, ana masomo na afya. Anaingia Kananga, katika chuo cha maofisa kilichofunguliwa upya kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Anafundishwa silaha na karata, na pia sheria ya vita, hesabu za mshahara na chakula cha askari, na namna ya kutoa amri na kuijibia. Mwishoni anapata cheo cha chini cha uofisa. Akitaka kupanda, apande ngazi kwa ngazi. Na kwa kifungu cha 81, maofisa wakubwa na majenerali wanateuliwa na raisi kwa mapendekezo ya serikali, baada ya Baraza Kuu la Ulinzi kusikilizwa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kabisa kumwandikisha mtoto.

Hata mambo madogo yanasaidia. Zamani komanda alipokea mshahara wa kikosi chote mkononi, pamoja na wa marehemu na wa majina ya uongo. Ujumbe wa Ulaya uliofanya kazi hapa kuanzia mwaka 2005 mpaka 2016 ulisaidia kuhesabu askari kwa alama za vidole na kutenga njia ya mshahara na njia ya amri. Watu wengi wa uongo walifutika.

Sisi tufanye nini

Pengine mama mmoja anasema: mimi niko kambini, nimepoteza ng'ombe na mume, mambo ya vyeo yananihusu nini? Mama, yanakuhusu kwa sababu jenerali wa kesho anatafutwa leo katika hema lako. Ni mwanao wa miaka 15 asiyesoma. Anafuatwa jioni, anaambiwa: njoo, utakuwa kapiteni. Vita ya sasa imefungua milango ya namna hiyo pande zote. Mwaka 2023 serikali iliweka sheria ya akiba ya ulinzi, na Wazalendo wakataka kuhesabiwa humo. Upande mwingine pia umefungua kambi zake za mafunzo. Kwa wote tuna maswali yale yale matatu: nani amewachagua, nani amewafundisha, waliapa kumtumikia nani?

Maswali haya usimwulize mtu wa bariyeri usiku. Ana bunduki, nawe una watoto. Yazungumzwe katika barza, kanisani, msikitini, na kwenye meza ya mapatano wakati wajumbe wetu wanapoitwa.

Wami na machefu, msirudie kazi ya machefu wa mwaka 1891. Mtu akija kuomba vijana, kateni kumpa idadi kwa siri. Msimpe yatima wala mhamaji kwa sababu hana wa kumtetea. Pesa zile za lala salama, na chakula kinachochangwa, ndizo zinazomlisha jenerali wa kilima mpaka apate jina.

Wajumbe wa mapatano, msikubali tena vyeo vigawanywe kama nyama ya sherehe. Kijana anayeweka bunduki chini apewe shule, kazi, shamba. Akitaka jeshi, aanze chini kama mwenzake, na mwenendo wake uchunguzwe kwanza.

Nanyi mlioonewa, tunzeni kumbukumbu: tarehe, mahali, kikosi, jina la mkubwa. Ziwekeni kwa mtu salama. Wamama wa Minova na wa Luvungi walisimama mbele ya majaji, wengine wamefunika nyuso. Kwa Luvungi haki ilichukua miaka 10. Bila ushahidi wao isingefika kamwe.

Tumeuliza nyota zinatoka wapi. Katika historia yetu zimetoka kwa mfalme, kwa raisi mmoja, kwa jirani, kwa kabila, na kwa msitu. Hazijatoka bado vya kutosha kwa raia, ambaye jeshi ni lake. Siku ofisa atakapojua kwamba nyota zake amepewa na mama wa Shasha, naye mama wa Shasha akajua hivyo, mama yule ataweza kupita na muhogo wake.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji

1. Katika kijiji mlichotoka, nani alikuwa akiamua ni vijana gani waende jeshini au kwenye kikundi? Wazazi waliulizwa?

2. Je, kijana aliyeacha bunduki anahitaji nini ili asirudi msituni kutafuta cheo?

3. Mambo manne ya kifungu cha 189 ni yapi? Ni lipi limekosekana zaidi kwetu?

4. Barza yetu inaweza kusema nini kwa sauti moja, makabila yote pamoja, juu ya kuandikisha watoto?